Nyuma ya Kadi

"Usiigeuze," alisema Mzee Muslim, na mgeni hata glavu hajamaliza kuvaa.

Hajar akacheka. Akamwambia Firas asijali, baba yake kadi ile huilinda kama mboni ya jicho. Firas alikuwa ametoka mji wa Nizwa asubuhi hiyo na mkoba wa vifaa: kioo cha kukuzia, rula nyembamba, taa ndogo ya buluu. Kazi yake kupima kadi za zamani za wachezaji, kusema ipi adimu na ipi takataka. Wengine humtumia picha tu. Hii aliposikia iko hapa mjini Ibra, aliifuata mwenyewe.

Kadi ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani: Mmarekani mwenye kofia, gongo la besiboli begani.

Kisa chake Hajar alikisimulia huku akimimina kahawa. Mwaka sitini na nne baba yake alikuwa dereva wa Mmarekani mmoja, Unguja. Mambo yalipochafuka, Mmarekani akampa kadi hiyo iwe ukumbusho. Baba akambeba Hajar, mtoto wa mwaka mmoja aliyekwisha kufiwa na mama, wakapanda meli kuja huku. Ami yake Marhoun, mdogo wa baba, alibaki na hakusikika tena. Kila Ijumaa Hajar humwombea dua.

Mzee Muslim alisikiliza, gumba la kushoto likisukuma tasbihi punje baada ya punje. Alikuwa anaogopa, tena sana.

Kadi hakupewa. Aliichomoa alfajiri mfukoni mwa shati la mtu aliyelala, akatoka viatu mkononi. Bandarini mkono wa kushoto aliuficha ndani ya nguo za mtoto, na wiki ile ile akaukwangua mgongo wa kadi kwa wembe, maandishi yote. Kuichoma alijaribu mara tatu, mkono ukamkataa. Njia ya mwongo fupi, husema watu. Yake ilikuwa imekwenda miaka sitini na kitu, na sasa imefika kwenye meza ya Hajar, kando ya sahani ya halwa.

Hakuwaogopa polisi, wala Mmarekani, ambaye huenda keshakufa. Alimwogopa Hajar. Ndiye humkata kucha, ndiye humpima sukari, ndiye huwaambia wageni: huyu ndiye baba aliyenibeba. Akijua kadi ni ya wizi, atamwitaje tena?

Firas alipima pembe, akapima kingo, akainusa. Akasema kadi za mwisho wa msimu zilichapwa chache, na hii hata pembe hazijalika.

"Adimu, wallahi. Kwa macho yangu sijapata kuiona. Sasa nyuma, babu. Bila ya nyuma hakuna cheti."

Mzee Muslim akasema nyuma hapana kitu, watoto waliichorachora zamani, akapafuta. Sauti aliisikia ikimtoka nyembamba, si yake. Jasho likamshuka mgongoni, na chumba kina baridi ya kiyoyozi.

Firas akamtuliza. Akaeleza kwamba wino hauondoki wote. Ukiukwangua juu, chini karatasi imekwisha kuunywa, na taa hii huutoa. Hajar akainuka kushusha mapazia. Alikuwa na furaha. Alitaka cheti kiandikwe jina la baba yake, akitundike ukutani.

"Khalas, yatosha, mwanangu," alisema Mzee Muslim. "Nirudishie kadi yangu."

Lakini taa ilikuwa imekwisha kuwaka. Mistari ikajitokeza mmoja mmoja, rangi ya moshi. Mzee Muslim hakuinama kutazama. Alijua kila neno lilipo.

"Kiingereza," alisema Firas. "Na mwandiko wa haraka."

Hajar, aliyesomesha Kiingereza miaka thelathini, akavaa miwani, akainama juu ya meza. Akasoma polepole, akifasiri kama yuko darasani:

"Mwacheni apande meli dereva wangu Muslim, pamoja na mwanawe Hajar. Mtamjua kwa alama: mkono wa kushoto hana kidole gumba."

Hajar akavua miwani, akautazama mkono wa kushoto wa mzee. Gumba lilikuwa bado limeibana punje ya tasbihi.

"Ami Marhoun," alisema.