Nani Ameiona Atomu?

Mgeni alikuwa amemaliza kikombe cha pili cha chai, na bado hakuna aliyethubutu kumuuliza jina.

"Hajala," alinong'ona Mama Oyugi, akigeuza samaki kwenye jiko pale mlangoni mwa ukumbi wa kanisa. "Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Hiyo chai ni ya kulainisha koo tu."

"Mama, si tunajua kilichomleta?" alisema Sydney wa bodaboda. "Angalia koti. Angalia kalamu. Huyo ni inspekta."

"Inspekta gani daftari lake limefunikwa gazeti?"

"Serikali inabana matumizi."

Barua ya ofisi ya elimu ilikuwa ukutani tangu Jumatatu. Afisa angekuja wiki hii, na akikuta darasa la jioni la kemia lina wanafunzi chini ya kumi na wawili, angelifunga. Walikuwa kumi na mmoja, pamoja na Mama Oyugi na Sydney, tangu mwenzao Naswa aolewe na kuhamia Ahero. Mwalimu Dalmas alikuwa na mpango mmoja tu: kumpumbaza inspekta kwa elimu mpaka asahau kuhesabu.

Rosa hakuona cha kucheka. Kila asubuhi alipiga deki maabara ya kliniki moja mtaani Manyatta, akapangusa vumbi kwenye hadubini ambayo hakuruhusiwa kuchungulia. Bila kufaulu mtihani wa kemia, angepangusa mpaka azeeke. Alimkaza mtoto wake mgongoni, akasimama mbele, maana Mwalimu sauti ilikuwa imemkauka.

"Leo ni atomu," alisema. Akachukua andazi, akalikata mara mbili. Nusu akaikata tena. Na tena, mpaka kidoleni ikabaki chembe. "Wagiriki wa kale walisema ukikata hivi, mwishowe unafika mahali kisu kinashindwa. Hapo ndipo kuna atomu."

"Nani aliiona?" mgeni aliuliza.

Mwalimu Dalmas alijifuta jasho kwa kifutio cha ubao.

"Hakuna, mzee," Rosa alisema. "Waliwaza tu. Ikapita miaka zaidi ya elfu mbili, ndipo Dalton akapima uzito wa vitu vinavyoungana. Akasema atomu ni kama gololi. Ngumu, haina ndani."

"Ndiyo hivyo?"

"Hapana. Alikosea."

Mgeni aliandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Sydney aliona afadhali aokoe jahazi. "Baadaye akaja Thomson, mzee. Yeye akakuta humo ndani kuna vitu vidogo zaidi, elektroni. Akasema atomu ni kama keki, na elektroni ni zabibu."

"Elektroni. Taja herufi zake."

Sydney akataja, akaruka moja, Rosa akairudisha.

"Ameanza na mtihani wa Kiswahili pia!" Mama Oyugi alisema na jiko lake. Kisha kwa sauti: "Na ya keki umeiandika, mzee?"

"Nauliza mimi au unauliza wewe, mama? Ya keki ni kweli?"

"Alikosea pia," Rosa alisema. Watu wawili, makosa mawili, na inspekta anayaandika yote. "Rutherford alirusha vijichembe kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Karibu vyote vikapita. Vichache vikarudi."

"Vikarudi vipi?"

Hapo Mama Oyugi hakuweza kuvumilia. Alikuja na kisu cha samaki mkononi. "Mzee, umewahi kuona wavu wa kuvulia samaki wa mbuta umetundikwa ukauke? Rusha changarawe. Zinapita, zinapita. Moja ikirudi ikakupiga paji la uso, ujue kuna kitu kigumu kimenasa humo. Sasa atomu ndiyo hivyo. Kiini kidogo katikati, kwingine kote ni wazi."

"Wazi kabisa?" Mgeni aliipiga meza kofi, vikombe vikaruka. "Basi mbona mkono wangu haupiti?"

Mwalimu Dalmas alifumba macho. Swali hilo alikuwa akiomba Mungu lisiulizwe na mtu yeyote tangu aanze kufundisha.

Mtoto alilia. Rosa alimtikisa kidogo, akafikiri, akasema, "Elektroni za mkono wako na za meza zinasukumana, mzee. Ni kama wake wenza waliokutana mlangoni. Mlango ni mpana, lakini hapiti mtu."

Darasa lilicheka. Mgeni hakucheka. Aligeuza ukurasa.

"Na huyu wa mwisho, alipatia?"

Rosa angeweza kusema ndiyo. Sydney alimkonyeza aseme ndiyo.

"Hapana," alisema. "Wengine wakasema elektroni zinazunguka kiini kama mwezi. Siku hizi wanasema ni kama wingu, huwezi kunyoosha kidole ukasema iko pale. Kila mmoja alikosea, mzee, lakini kidogo kuliko aliyemtangulia."

Mgeni aliweka kalamu chini. Samaki wakaletwa, na ugali. Alikula polepole, akanyonya mpaka kichwa. Wanafunzi kumi na mmoja walihesabu matonge.

Alipomaliza kunawa, Mama Oyugi alimpa Mwalimu ishara.

"Sasa, mzee," Mwalimu Dalmas alisema, "umeshiba. Tuambie kilichokuleta."

Mgeni aliinuka, akavua kofia. Akatoa mfukoni picha mbili za pasipoti na nakala ya kitambulisho, akaziweka mezani kwa mikono miwili.

"Naitwa Mathews, nashona viatu pale Kondele. Shule niliachia darasa la saba, na maswali yangu mtanisamehe." Akawatazama mmoja mmoja. "Mbona mmenyamaza? Au darasa limejaa?"