Subira wa Bi Mwanahawa

Siku hizi mtu akibadili jina, serikali huwaletea jamaa zake mfano wa alivyokuwa, wenye sauti na ucheko uleule, ili nyumba isipwaye. Subira alipojitangaza kuwa mwanamume, akajiita Hafidhi, mshairi, bibi yake Mwanahawa aliletewa mfano wa Subira.

"Bibi, siingii humu mpaka hicho kitu kitoke," Hafidhi alisema mlangoni.

"Kitu? Huyu angalau hanijibizi. Haya, nenda na mashairi yako!"

Hafidhi akaondoka. Bibi, moyo ukimuuma, akaendelea kumsuka Subira. Mara msichana akamshika mkono.

"Bibi, usinisuke tena. Mimi pia nimepata jina langu."

Kabla Mwanahawa hajamwita Hafidhi arudi, gari la serikali lilisimama nje, likamshusha Subira mwingine, nywele timtim, chanuo mkononi.