Sekunde Moja

Mashine inayosaili waombaji wote wa kazi humhesabu kuwa mwongo mtu yeyote anayenyamaza zaidi ya sekunde moja kabla ya kujibu. Mwombaji akikataliwa mara tatu, jina lake hufutwa kabisa orodhani. Ladislaus, aliyefunzwa bwenini kwamba muungwana hufikiri kwanza, alikuwa amekwisha kukataliwa mara mbili. Usaili wa mwisho ulikuwa kesho, na mkewe, Felista, alikuwa akimpima mezani.

“Umewahi kumdhulumu mwenzio?”

“Hapana.”

“Umenyamaza, Baba Edita. Mashine haitakungoja kama nilivyokungoja mimi miaka miwili unichumbie.”

Wakarudia mpaka chakula kikapoa.

“Utasema kweli?”

“Ndiyo.”

“Bado unanipe...”

“Ndiyo.”

Felista akaweka alama ya vema daftarini, akaitazama kwa muda mrefu.