Ukoko wa Kheri

Siku hizi mshauri nasaha hakusikilizi tu. Huzuni yako anaichukua yote, anakaa nayo kifuani mwake mpaka Ijumaa, kisha daktari wa akili anaifuta isibaki popote. Mwanakombo alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja bila kukosa Ijumaa hata moja.

Ijumaa hii alikuwa jikoni kwake, akikwangua ukoko wa wali kwenye sufuria.

"Unampakulia nani?" mumewe, Shomari, aliuliza, ingawa alijua.

"Kheri. Anapenda ukoko."

Kheri hakuwa mtoto wao. Alikuwa wa muuza vitumbua wa mtaa wa pili, aliyemzika Jumapili na kufikishwa kliniki Jumatatu akiwa hajiwezi kwa kilio, Mwanakombo akaichukua huzuni yake.

"Mke wangu, twende ukafutwe. Nitakusindikiza."

"Asubuhi nimempitia mama yake. Anacheka na wateja. Nilipomtaja Kheri akasema, 'Ah, yule mtoto,' akaendelea kunifungia vitumbua." Mwanakombo aliiweka sahani mezani kwa kishindo. "Nami nikifutwa, nani atabaki wa kumlilia? Siendi, Shomari. Waje wanibebe."

Nje, gari la kliniki lilipiga honi. Mwanakombo alikwenda akatia komeo mlangoni, akarudi akavuta kiti cha tatu.

"Kheri!" aliita kuelekea chumbani. "Njoo unawe mikono, chakula kinapoa."

Shomari akajikuta amegeuka kutazama.