Julienne Amechelewa

Pascal alikuwa anakanyaga breki ambayo haikuwepo. Kila jipu lilipokata kona, mguu wake wa kulia ulizama kwenye mkeka wa gari, na shemeji yake Gustave, aliyeshika usukani, alikuwa amechoka kuutazama.

"Tosha huo muguu hapo chini, shemeji. Utatoboa gari yangu."

"Basi punguza mwendo!"

"Nikikanyaga breki hapa tunaenda bondeni. Hii ni neige, haiko matope ya Bukavu."

Ilikuwa Agosti 2012, na mlima wa Van Reenen ulikuwa mweupe kwa theluji juu mpaka chini. Walikuwa wametoka Albert Park, mtaa wao wa Durban, asubuhi ile na vijaketi vyepesi, maana mtu wa Durban hana koti. Baridi huisikia redioni. Mlimani askari wa barabarani walikuwa wamezuia malori yote. Ni majipu na pikapu tu yaliyoruhusiwa kupanda, moja moja.

"Huyo polisi alisema nini kabisa?" Gustave aliuliza tena.

"Nikuambie mara ngapi? Alisema Julienne amechelewa, tukuje Harrismith."

"Polisi anapiga simu juu ya mutu kuchelewa?"

"Hapa ni South, shemeji. Barabara imefungwa, taxi hazipiti, wanajulisha familia. Huku polisi wako na adabu."

Gustave hakubisha. Kiingereza hakikumpanda kichwani, na katika ghorofa lao Pascal ndiye aliyekuwa mdomo wa watu wote. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, akaokota lugha kwa wateja, na mtu akiitwa shuleni au hospitalini alimchukua Pascal amtafsirie. Kazi hiyo aliipenda, na sifa zake alizipenda zaidi.

Tena habari yenyewe haikuwa ngeni. Kuchelewa ndiyo ilikuwa tabia ya mke wake Julienne tangu ujana. Siku ya harusi yao kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka, bibi harusi yuko bado kwa msusi. Ukimgombeza anacheka: "Kawia ufike, mume wangu."

Ila safari hii Pascal hakucheka. Julienne alipokuwa akienda Johannesburg kununua nywele za saluni yake, aliikosa taxi ya kwanza, na Pascal akamfokea mbele ya abiria, akaondoka bila kumuaga. Sasa ilimuuma. Tangu jana simu ya Julienne ilikuwa imezimwa, naye yuko huko na kiblauzi cha Durban kwenye theluji. Pascal alitaka jambo moja tu: amfikie, amwombe msamaha kabla ya kumuuliza lolote.

Pikapu kubwa nyeupe ikawapita kwa kasi, ikiwapigia honi kama vile wao ndio wanaoziba njia. Kona mbili mbele waliikuta imelala mtaroni, mwenyewe amesimama pembeni mzima, anatukana.

"Ile nayo iko quatre-quatre kama hii jipu yako," Pascal alisema, akigeuka kuitazama.

"Quatre-quatre inakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya pneu. Ule bwana amekuja na pneu za kwenda beach."

Gustave alikuwa na haki ya kuringa. Kazi yake ilikuwa kupokea bandarini magari ya mitumba ya Japani na kuyasafirisha Lubumbashi, na mengine yalitoka huko na matairi ya theluji: mpira laini, umechanjwa mikato myembamba kama chale. Durban hayakuwa na maana, lami ya joto iliyala upesi, kwa hiyo aliyatupa stoo. Leo alikuwa amefunga manne kwenye jipu lake kabla ya kutoka.

Karibu na kilele walikuta lori, lililopanda kabla njia haijazuiwa, limejilaza katikati ya barabara. Gustave hakugusa breki. Aliteremsha gia, akaachia mafuta, jipu likaserereka upande, likaserereka tena, na Pascal akafumba macho akimwita Bikira Maria. Kisha matairi yakauma. Wakapita ubavuni mwa lori polepole, kioo kikikwaruza.

"Japani!" Gustave alipiga kelele, akiupigapiga usukani. "Tumefika, shemeji!"

Pascal akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, cheko la mtu aliyetua mzigo. Mbele yao barabara ilinyooka mpaka Harrismith.

Ukumbi wa kituo cha polisi ulikuwa umejaa abiria waliokwamishwa na theluji, wamejifunika mablanketi, wanakunywa chai. Pascal alipita uso mmoja mmoja. Julienne hakuwemo.

"Hata hapa amechelewa," alimwambia Gustave, akijaribu kutabasamu.

Sajenti mmoja wa kike akatoka nyuma ya kaunta, akauliza kama yeye ndiye Pascal. Akawasogezea viti viwili.

"Anasema nini?" Gustave alinong'ona.

"Anasema tukae."

Lakini Pascal hakukaa. "Sisi ndio tulioongea kwa simu," alimwambia sajenti kwa Kiingereza. "Uliniambia mke wangu amechelewa. Hakuna shida, sister, tutamngoja. Atafika saa ngapi?"

Sajenti alimtazama, akamtazama na Gustave, kisha akavua kofia. Alijibu kwa Kiingereza kilekile cha kwenye simu, neno moja moja, apate kueleweka.

"Baba, mama yangu ni *late*, tulimzika mwezi wa tano. Na mke wako ni *late* tangu jana jioni."