Bendera ya Mama Mkuki

Asubuhi ile, kabla ya kunyoa kichwa cha kwanza, kinyozi alibandika plasta pana sehemu ya chini ya kioo cha runinga yake, pale maandishi hupitia, kutoka pembe hadi pembe.

"Kuna ufa," alisema alipoulizwa.

Hakuna aliyeuona huo ufa, ila hakuna aliyebisha. Runinga yenyewe ilikuwa imekula chumvi nyingi. Rangi zote zilishaikimbia isipokuwa kijani. Watu, nyasi, mawingu, vyote humo vilikuwa kijani kama mboga. Lakini ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mtaani, na leo ilikuwa fainali ya kurusha mkuki.

Mchana akafika dada yake, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkuki. Kwapani alibeba bendera ya taifa. Aliishona mwenyewe, kama alivyoshona nyingine akampa binti yake siku binti huyo alipopanda ndege kwenda ng'ambo.

"Akishinda atajifunga ile yake," aliwaambia watu. "Nitaijua kwa pindo. Lilikwenda upande, machozi hayakuniacha nione sindano."

Kila mtu pale dukani kwa kinyozi alikuwa na lake la kusimulia. Jinsi marehemu baba wa binti, fundi bomba, alivyochonga ncha ya kipande cha bomba, na binti akakirusha kikapita juu ya goli la shule kikaangukia bustani ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alitoka na fimbo. Alipopima umbali kwa macho, akaiweka fimbo chini. Binti akashinda wilaya, akashinda taifa, akashinda bara zima. Kisha kiwiko kikafa. Chama cha riadha kikamwambia avumilie, fungu halijatoka. Akavumilia mpaka mkono ukawa hauwezi kushika kijiko. Chuo kimoja cha ng'ambo kikamwita, kikamtibu, na tangu hapo ikawa ushindi juu ya ushindi, leo mji huu, kesho ule. Nyumbani tu ndiko alikokuwa hajarudi.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema fundi viatu. "Akishaikata, utamwona huyo mlangoni."

"Ameniahidi," alisema Mama Mkuki. "Dhahabu hii ataileta aiweke mezani kwangu, kisha akae. Juzi kanipigia simu analia. Ananiambia, mama, hawa watu wamenichukua kama mtoto wao kabisa. Nikamwambia, mwanangu, Mungu awazidishie. Akazidi kulia."

Kinyozi akakohoa kidogo, akazima sauti ya runinga.

"Aa! We vipi?" watu wakang'aka.

"Watangazaji wenyewe wanaongea kama wamemeza kaa la moto. Mnaambulia nini humo? Nitawatangazia mimi."

Na kweli akawatangazia, mpaka watu wakacheka. Binti akatokea, wa kijani kama wenzake, akagusa sikio la kushoto kama alivyozoea tangu utoto. Mama yake akagusa la kwake. Hadi unafika mtupo wa mwisho, binti alikuwa bado wa pili. Watu wote wakaisogelea runinga. Hata mteja aliyenyolewa nusu kichwa hakukumbuka nusu iliyobaki.

"Anakimbia," kinyozi alinong'ona. "Anapishanisha miguu... Kauachia!"

Mkuki ukaenda. Ukaenda kama uliosahau kushuka. Ulipochoma nyasi, Mama Mkuki aliing'ata bendera asipige kelele. Aliyekuwa akiongoza akarusha wa mwisho. Haukufika hata karibu.

Duka likalipuka. Kwenye runinga, mtu mmoja kati ya watazamaji alimrushia binti kitambaa, naye akaanza kukikunjua mabegani. Palepale kinyozi akarukia mbele ya kioo, mikono juu, akicheza, mgongo wake mpana ukiziba kila kitu.

"Toka hapo, mjinga we! Mama anataka kuona pindo lake!"

"Niacheni nifurahi! Si mpwa wangu?"

Alicheza muda mrefu kuliko furaha yenyewe. Uso ulimlowa, kwa jasho au kwa machozi, hakuna aliyepambanua. Walipomvuta pembeni, washindi walishapanda jukwaani, medali shingoni.

Mama Mkuki akasimama. Akaikunjua bendera yake, akashika pembe moja, fundi viatu akashika nyingine. Waliovaa kofia wakazivua. Yule wa nusu kichwa naye akasimama, shuka la kinyozi bado shingoni.

"Ongeza sauti, mdogo wangu. Tuimbe naye wimbo wa taifa letu."

"Dada, spika imekufa."

"Imekufa lini? Si sasa hivi ilikuwa inasema?"

"Dada, tumwangalie tu hivihivi. Inatosha."

Alimtazama mdogo wake kwa mshangao. Kisha akanyoosha mkono ulio huru, akageuza kitufe mwenyewe.

Watu walikuwa wameshajaza pumzi vifuani. Ukaja wimbo ambao hakuna mtu dukani aliyewahi kuusikia, na kwenye runinga, mkono juu ya moyo, binti yake alikuwa akiuimba wote, bila kukosea neno.