Chombo cha Katikati

Madoa yote ya kijani kwenye kioo cha rada yalikuwa yakielekea upande mmoja: ufuoni kwao.

Zephaniah alisukuma nyuma kofia yake ya unahodha, akakisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Kila doa lilikuwa boti yenye injini. Moja lilitoka Sio Port, mengine upande wa Uganda, na yote yalikuwa na haraka. Katikati ya kioo, kama kawaida, kulikuwa na alama ya chombo chake mwenyewe. Zephaniah alikipenda kioo kwa hilo. Ziwa zima lilimzunguka yeye.

"Wanaenda wapi hawa, boss?" aliuliza Elly, mekanika wake.

"Mashine inaonyesha mtu alipo. Haionyeshi shida zake."

Shida zilikuwa za Zephaniah. Wiki mbili na ushee zilizopita, ushirika wa wavuvi ulimtuma na boti yao pekee ya chuma, yenye hicho kioo cha wafadhili, awakamate wezi wa nyavu. Aliona doa kubwa likienda polepole. Akalifukuza nusu siku nzima akipiga king'ora, na alipolifikia akakuta ni shamba la gugu maji linalosukumwa na upepo. Gugu likawazingira, likaibana propela, likawabeba hadi kisiwa cha Uganda kama mzigo. Katika kuhangaika, koti la kazi la Elly likaenda na maji.

Sasa injini ilikuwa imepona, na Zephaniah hakuogopa mawimbi. Aliogopa kuchekwa. Nahodha aliyekimbiza majani angenyang'anywa boti kabla hajashuka. Tena ni yeye aliyekuwa akikaa kila jioni kwenye kibanda cha chai, akitamba kwamba kioo chake kinalijua ziwa kuliko samaki, na kwamba akitaka, leo anaiuza boti pamoja na kioo Jinja, kesho anajenga ghorofa. Watu walikuwa wakicheka. Si wote.

Mtumbwi wa mbao ukawapita karibu. Kioo hakikuwa kimeuona kabisa.

"Ssebo," Elly akamwita mpiga kasia. "Kuna nini kule Kenya leo?"

"Mazishi. Wanazika mtu wa boti ya chuma. Maiti haikupatikana, kwa hiyo wanazika yago." Mganda yule akaikagua boti yao kutoka mbele hadi nyuma. "Walivyotueleza, ilifanana na hii yenu."

Akaendelea kupiga kasia.

Zephaniah akaketi. Ziwa likikataa kumrudisha mtu, watu wa kwao hutafuta tunda la yago, refu na zito, wakalilaza ndani ya jeneza na kulilia kama mtu. Kwa hiyo alikuwa amelazwa tayari. Alihuzunika kidogo. Kisha tabasamu likaanza kumtambaa usoni. Nani angemuuliza mtu aliyefufuka habari za gugu maji?

"Elly, nimepona."

"Na mimi?"

"Wewe utatajwa kwenye sala."

Wakaiingiza boti kwenye mafunjo, injini imezimwa. Kupitia mabua waliona migongo ya watu, turubai, na ncha ya jeneza jipya lililopakwa vanishi. Mzee Onyuka, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Alikuwa mtu mpole," alisema Mzee Onyuka.

Zephaniah akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Hakurudi kutoka majini bila kupita kwa wajane kuwaachia samaki."

Zephaniah alijaribu kukumbuka. Kweli, mara moja aliwahi kumwachia Mama Zilpa sangara, ingawa alikuwa ameanza kunuka. Msibani hata harufu husamehewa.

"Na kujivuna hakukujua."

Elly akamtazama. "Boss, hapo wamezidisha."

"Marehemu hasahihishwi, Elly."

Vilio vikapanda. Elly akachungulia. "Hata Amondi wangu yuko pale mbele. Amelia mpaka sauti imekwisha. Twende sasa, boss. Nimwonyeshe tu uso."

"Mkeo ana heshima, sikulijua hilo. Lakini wewe baki na injini."

"Boss, huyo ni mke wangu."

"Utamwona baadaye. Mtu akifufuka, hafufuki na mekanika wake."

Zephaniah akaipangusa kofia, akaivaa vizuri, akashuka. Maji yalimfika magotini. Alitembea polepole ili hotuba ya Mzee Onyuka iishe akiwa amefika. Aliwatafuta kwa macho watu wake. Hakumwona Everline, mkewe. Bila shaka alikuwa amezimia ndani ya nyumba. Nyuma ya umati walisimama wachimba kaburi, matope magotini, wakiegemea majembe yao. Alisimama hatua chache nyuma yao, akatanua mikono.

"Kwa hiyo," Mzee Onyuka alisema, na sauti yake ikapasuka, "kwa kuwa ziwa limetupa koti peke yake, tunalizika yago hili badala ya mwili wa ndugu yetu Elly. Na yule Zephaniah aliyemtosa, akaenda kuuza boti yetu Jinja kama alivyotuahidi kila jioni, hatumwombei mabaya. Tunamwomba Mungu atuonyeshe tu mahali alipo."

"Amina," wakaitikia wachimba kaburi, na mmoja wao akageuka.